Tyubulesi si ya kila baiskeli: narudi kusahihisha niliyoandika

Najua wengi mnasubiri makala ya palizi ya mtama niliyoahidi, nayo itakuja. Leo naomba tuzungumzie tairi la baiskeli. Mtu asiyekaa Mara anaweza kuuliza bwana shamba ana habari gani na matairi. Aliyewahi kusimama kwenye jua la saa saba mchana huko Hunyari, galoni za maziwa zikiwa kwenye keria na tairi la nyuma limelala chini, hatauliza swali hilo.

Naanza na deni langu.

Mwaka jana niliandika hapa makala fupi nikiyasifia matairi yasiyo na tyubu, yale ambayo mafundi wanayaita tyubulesi. Niliandika kwa furaha ya mtu aliyepata kitu kipya. Nilisema nimemaliza msimu mzima wa kiangazi bila kuziba pancha hata moja, na nikamshauri kila mwenye baiskeli afikirie kubadilisha. Yote niliyosema kuhusu baiskeli yangu yalikuwa kweli. Nisichosema ni kwamba baiskeli yangu ni ya gia, ya mtumba, niliyoinunua Mwanza ikiwa tayari na rimu zilizotengenezwa kwa ajili ya tairi la aina hiyo, na kwamba mzigo wake mkubwa ni mimi mwenyewe na begi la vipeperushi.

Kijana mmoja wa wilaya ya Butiama, anayekusanya maziwa vijijini na kuyashusha Musoma mjini, aliisoma ile makala kwenye simu. Akakopa kwenye kikundi chao cha hisa. Akanunua chupa mbili za gundi ya maji, akatafuta fundi aliyezungushia rimu utepe wa plastiki, tyubu zikatolewa. Baiskeli yake ni ile ya mzigo tunayoijua wote, ya inchi 28, keria imeongezewa nondo. Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri, hata akawasifia wenzake. Wiki ya pili, akiwa kwenye mteremko na galoni mbili za lita 20, mdomo wa tairi la nyuma ukachomoka kwenye rimu. Tairi likajizungusha kwenye fremu, baiskeli ikaenda chini. Lita 40 zikamwagika barabarani. Yeye akavunjika mfupa wa kifundo cha mkono wa kushoto.

Mnaofanya biashara ya maziwa mnajua maana yake. Yale maziwa hayakuwa yake. Huchukua kwa wafugaji asubuhi na kuwalipa mwisho wa wiki. Akabaki na deni la maziwa, deni la kikundi, na mkono kwenye plasta.

Alipokuja kwangu hakuja kugomba. Alikaa kwenye benchi pale nje, akasema, "Shikamoo bwana shamba. Nimekuja uniangalizie, nilikosea wapi?"

Hakukosea yeye. Nilikosea mimi, na ndiyo sababu ya makala hii.

Sasa tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Tairi la kawaida la baiskeli ni gamba tu. Upepo unakaa ndani ya tyubu, tairi linailinda tyubu na kushika barabara. Kwa tyubulesi hakuna tyubu: upepo unakaa kati ya tairi na rimu, na kinachouzuia usitoke ni mdomo wa tairi kuibana rimu pande zote mbili bila nafasi hata ya unywele. Matundu ya spoku yamezibwa kwa utepe maalumu. Ndani humwagwa gundi ya maji, ambayo mara nyingi ni utomvu wa mpira uliochanganywa na chembechembe ndogo. Mwiba ukitoboa, upepo unaisukuma gundi kwenye tundu, inagandia pale pale, na wewe unaendelea na safari. Mara nyingine hujui hata kama umetobolewa mpaka uone doa jeupe kwenye tairi.

Inanifurahisha, niseme kidogo pembeni, kwamba aliyelifanya tairi la upepo lienee duniani alikuwa mtu wa mifugo kama baadhi yetu. John Boyd Dunlop alikuwa daktari wa mifugo, Mskoti aliyefanya kazi Belfast, na alianza kwa kuifungia mipira yenye upepo baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Hati yake ya ubunifu ni ya mwaka 1888. Lakini tyubulesi za baiskeli za milimani ni za juzi tu. Mwaka 1999 kampuni ya Mavic ya Ufaransa, ikishirikiana na Michelin na Hutchinson, ilitoa rimu na tairi vilivyotengenezwa pamoja ili kimoja kikae ndani ya kingine barabara. Hapo kwenye neno "pamoja" ndipo penye habari yote, na ndipo mimi niliporuka.

Rimu ya tyubulesi ina kingo ndani, kama ngazi ndogo, ambayo mdomo wa tairi hupanda na kukaa juu yake. Ukijaza upepo unasikia mlio, pa! pa!, mdomo umekaa. Baada ya hapo hata upepo ukipungua tairi halitoki kirahisi. Rimu ya baiskeli yetu ya mzigo haina kingo hiyo. Imetengenezwa ili tairi liingie na kutoka kwa urahisi, fundi alivue kwa vijiko viwili. Ndani ya rimu hiyo tyubu ndiyo inayolisukuma tairi likae mahali pake. Ukiitoa tyubu, umebakiwa na tairi lililoegemea tu, na gundi inaziba vitundu lakini haiwezi kulishika tairi. Weka juu yake kilo 40 za maziwa na mtu mwenye kilo 65, mpeleke kwenye mteremko wenye kona, na hutahitaji kumwuliza mganga kilichotokea.

Baada ya mkasa wa kijana yule sikutaka tena kuandika kwa kusikia sifa za kwangu mwenyewe. Nikafanya kama tunavyofanya kwenye shamba darasa: kulinganisha. Nikachukua baiskeli ya mzigo ya jirani, yenye tyubu, nikawa naibadilisha na yangu kwa njia zile zile, tangu masika mpaka kiangazi kikakolea. Nimeandika kwenye daftari kila pancha na mahali ilipotokea. Si utafiti wa chuo, ni daftari la bwana shamba. Lakini njia za kwetu nimezipita zote, na nilichokiona ni kwamba njia moja si sawa na nyingine hata kidogo.

Tuanze na lami, maana ndiyo fupi kuieleza. Kutoka Musoma hadi Makutano, ukashuka Kiabakari mpaka Bunda, tyubulesi haikunisaidia kitu. Tairi la kashata kubwa linavuma na kuvuta miguu. Ukilijaza upepo mwingi ili liwe jepesi, unapoteza faida yake. Kinachotoboa pembeni ya lami ni vile vinyuzi vya chuma vinavyobaki malori yanapopasua matairi, na hivyo hutoboa tairi lolote. Baiskeli ya jirani yenye tyubu na tairi jembamba iliniacha mbali, nikiwa mimi mwenyewe ndiye ninayeziendesha zote mbili! Kama safari zako ni za lami, hifadhi hela yako.

Kwenye kifusi mambo yanaanza kubadilika. Zile barabara zilizochongwa, ambazo baada ya mvua mbili zinakuwa na vijituta vimejipanga kama bati, zinachosha mikono na kulegeza spoku. Tyubulesi inakuruhusu kutembea na upepo mdogo. Mimi naweka PSI 25 mbele na 28 nyuma, na tairi linameza vile vijituta. Ukiweka upepo mdogo namna hiyo kwenye tairi lenye tyubu, jiwe la kwanza linaibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili sambamba, kama meno ya nyoka. Mafundi wetu wanayajua matundu hayo vizuri. Wengi wenu mkiyaona mnalaumu kiraka au mnalaumu tyubu ya Mchina. Mara nyingi kosa ni upepo kidogo au mzigo mkubwa.

Sasa tuje kwenye miiba. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tyubulesi inapopata heshima yake.

Njia za ng'ombe za Bunda upande wa mashariki, kuelekea kwenye mipaka ya hifadhi, ni miti ya migunga mitupu. Mwiba mkavu wa mgunga ni msumari. Lakini adui mkubwa zaidi wa baiskeli wala si mgunga, ni mbigiri. Ni ule mmea unaotambaa chini, wenye maua madogo ya njano, unaopenda pembeni mwa njia, kwenye mazizi ya zamani na kwenye viwanja vya mnada. Tunda lake likikauka linapasuka vipande vitano, kila kipande na miiba yake, na kikianguka kinakaa mwiba ukitazama juu. Kinangoja mguu au tairi. Huko Marekani kwenye majimbo makavu mmea huu huu umewatesa waendesha baiskeli kwa miaka mingi, na ni moja ya sababu zilizowafanya wapende gundi ya maji.

Daftari langu linasema hivi: kwa njia hizo za miiba, ndani ya miezi mitatu, baiskeli yenye tyubu ilipata pancha 11. Siku moja zilikuwa tatu kwa mpigo. Ya kwangu ilitobolewa mara nyingi nisizoweza kuhesabu, nilikuwa naona madoa tu, lakini ilinisimamisha mara moja peke yake, na hiyo ilikuwa kwa sababu gundi ilikuwa imekauka na mimi sikuikagua. Kuziba pancha kijijini ni shilingi 1,000 kwa kiraka, ukimpata fundi. Piga hesabu mwenyewe. Kisha ongeza muda: dawa ya chanjo niliyobeba kwenye kiboksi cha barafu haisubiri kiraka kikauke.

Kwa hiyo nikisema tyubulesi inafaa kwa njia za miiba, nasema kwa moyo mmoja. Mwenye baiskeli ya gia yenye rimu zinazofaa, asiyebeba mizigo mizito, anayepita njia hizo kila siku, huyo asisite. Nafikiria wahudumu wa afya ya jamii, wachanjaji wa mifugo, walimu wanaokaa mbali na shule, na sisi maafisa ugani kwa vijiji vya karibu. Najua tuligawiwa pikipiki mwaka 2022 na tunashukuru, lakini shamba la mtu unaliona vizuri zaidi ukiwa kwenye baiskeli.

Mawe nayo yanataka maelezo yake. Upande wa Majita, na kwenye vilima vya Butiama, njia inapita juu ya majabali na kokoto zenye ncha. Upepo mdogo wa tyubulesi unalifanya tairi liyashike mawe kama kiganja, na kwenye kupanda nyuma haitelezi. Hayo ni raha. Ila kuna hatari moja ambayo wauzaji hawaisemi. Jiwe likichana ubavu wa tairi, gundi haifui dafu. Gundi inaziba tundu la mwiba au la msumari mdogo, kiasi cha milimita chache. Mchano wa ubavuni unatoa gundi yote chini, unabaki na miguu meupe na tairi bapa. Ilinitokea huko Majita, jioni, kilomita sita kutoka barabara ya magari. Kilichonirudisha nyumbani ni tyubu ya akiba niliyokuwa nayo kwenye begi na kipande cha mfuko wa saruji nilichokikunja na kukiweka ndani ya mchano ili tyubu isichungulie nje. Ndiyo, mtu wa tyubulesi anatembea na tyubu. Asiyetembea nayo hajapata bado siku yake.

Mchanga wa kandokando ya ziwa, upande wa Mugango na kwenye njia za kwenda kwenye mialo, tyubulesi pana inapita pale ambapo tairi jembamba linazama na kukufanya usukume. Lakini hapa kinachofanya kazi ni upana wa tairi na upepo mdogo. Tyubu pana nayo ingepita karibu sawa, ukiwa mwangalifu na mawe. Wachuuzi wa dagaa wanaobeba magunia huko wasidanganyike kwamba kuondoa tyubu kutawavusha mchanga.

Kisha kuna mbuga. Udongo mweusi wa kuelekea Ghuba ya Speke, kule Guta na jirani zake, mvua ikinyesha hauchagui tairi. Unajaza kashata, unajaza kwenye breki, unajaza kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Baiskeli inageuka mzigo, unaibeba begani. Nimeibeba yangu ya gia na nimeibeba ya jirani, na ya jirani ilikuwa nzito zaidi kwa sababu ya keria. Hiyo ndiyo tofauti pekee niliyoiona. Kwenye mbuga afadhali tairi jembamba lenye kashata zilizoachana, ili tope lianguke lenyewe, na fremu yenye nafasi kubwa. Zaidi ya hapo ni kusubiri jua siku mbili. Wazee wa kule wanasubiri, na wanaokimbilia kupita ni sisi wageni.

Sasa maoni yangu, maana najua yapo yanayosemwa mitaani.

Kuna vijana wanaouza gundi ya maji kwa kusema inageuza tairi lolote kuwa tyubulesi. Nawaomba muwe na tahadhari. Sisemi wote ni waongo. Gundi yenyewe ni kitu kizuri. Lakini kauli hiyo ni sawa na kusema mbolea ya kukuzia inafaa kila zao na kila udongo. Kabla hujatoa tyubu, uliza maswali mawili tu. Rimu yangu ina ile kingo ya ndani? Na mdomo wa tairi langu umeandikwa kwamba linaweza kutumika bila tyubu? Angalia ubavuni, huandikwa pale pale, "TUBELESS". Likiandikwa "TUBE TYPE" maana yake linataka tyubu. Jibu likiwa hapana kwa swali moja tu, tyubu ibaki ndani.

Wenye bodaboda nao wamenitumia maswali, nami nawajibu kwa kifupi: kanuni ni ile ile. Pikipiki yenye rimu ya kumwagwa, isiyo na spoku, na tairi lake likiwa limeandikwa hivyo, inafaa sana, kwa sababu msumari ukiingia upepo unatoka polepole na dereva anapata nafasi ya kusimama. Tyubu ya pikipiki ikipasuka inashuka ghafla, na ukiwa umembeba mama mjamzito usiku hiyo ni habari nyingine kabisa. Lakini pikipiki yenye rimu ya spoku usiiguse. Upepo utatokea kwenye spoku, na fundi atakayekuambia ameziba zote kwa silikoni mwambie aipande yeye kwanza.

Jambo la pili ambalo halisemwi ni matunzo. Gundi ya maji inakauka. Kwa joto letu, mimi nafungua na kuongeza kila baada ya miezi miwili, na nikizidisha hapo nakuta ndani kuna utando mkavu tu kama maziwa yaliyogandia kwenye sufuria. Gundi hiyo haipo kwenye duka la kijijini. Lazima uifuate mjini. Na tairi likitoka mdomo ukiwa porini, pampu ya mkono haiwezi kulirudisha, kwa sababu linahitaji upepo mwingi kwa mara moja. Utalazimika kwenda kwenye gereji yenye kompresa, Bunda au Musoma. Fundi wako wa chini ya mwembe, anayekuhudumia kwa mkopo na kukusalimia kwa jina, hana kompresa. Mtu anayeishi kilomita 30 kutoka mjini aweke hilo kwenye hesabu zake.

Wapo wenzangu waliosoma rasimu hii wakaniambia, "Basi waambie watu waachane nayo kabisa." Sikubaliani nao. Tukiogopa kila kitu kipya kwa sababu ya aliyeumia, tungekuwa bado tunapanda mbegu ile ile inayonyauka kila mvua zinapochelewa. Kinachotakiwa ni kusema kitu kinafaa wapi na kwa nani, na gharama yake yote, siyo ile ya dukani tu. Mimi mwaka jana nilisema ya dukani.

Kwa wenye baiskeli za mzigo, yaani wengi wenu mnaosoma hapa, nimejaribu njia nyingine ambayo naipenda zaidi. Tyubu ibaki. Chukua tyubu kuukuu, ikate kwa urefu, itandike kati ya tairi na tyubu nzima kama bitana. Mafundi wetu wanafanya hivyo tangu zamani, na miiba mingi ya mbigiri inaishia hapo kwa sababu ni mifupi. Kisha mimina gundi ya maji kidogo ndani ya tyubu yenyewe. Valvu za baiskeli zetu unazifungua kwa kufungua nati na kuchomoa kile kipini cha ndani, kwa hiyo gundi inaingia kwa bomba la sindano bila shida. Ukimaliza, zungusha gurudumu, jaza upepo wa kutosha, usiwe ule wa kubonyeza kwa kidole gumba na kusema "tosha". Mzigo wa kilo 40 unataka PSI 50 au zaidi, ilimradi isizidi kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Kwa upepo mwingi namna hiyo gundi haizibi vizuri kama kwenye tairi langu la upepo mdogo, kwa hiyo usitegemee miujiza. Lakini baiskeli ya jirani, baada ya kuiwekea bitana na gundi, miezi miwili iliyofuata kwenye njia zile zile ilipata pancha tatu tu. Na tairi halitoki kwenye rimu.

Kagua pia tairi lenyewe. Tairi kipara linaruhusu hata mwiba laini. Nimeona watu wanatumia shilingi elfu kadhaa kwa viraka mwezi mzima kwenye tairi ambalo nyuzi zake zinaonekana. Tairi jipya nene lingelipa lenyewe kabla ya mavuno.

Na kwa kuwa mimi ni bwana shamba na siyo fundi, niongeze la shambani. Mbigiri ing'oeni ikiwa bado na maua. Mzizi wake ni mmoja, unashuka wima, ukishika shinani baada ya mvua unatoka wote. Ukingoja mpaka matunda yakauke umeshachelewa, mbegu zinaweza kukaa ardhini miaka kadhaa zikiota kidogo kidogo. Wala usiilime na kuiacha pale pale ikiwa na matunda. Kusanya, choma mbali na njia. Kitongoji kimoja cha Bunda walikubaliana kila kaya isafishe kipande cha njia kinachopita mbele ya shamba lake, na mwaka huu nimepita pale kwa baiskeli ya tyubu bila kusimama.

Kuhusu yule kijana. Plasta ilitolewa, mkono umepona ingawa anasema asubuhi zenye baridi unamkumbusha. Deni la wafugaji tulikwenda pamoja nyumba kwa nyumba, nikaeleza kwamba ushauri ulikuwa wangu. Wawili walisamehe, wengine wakakubali kulipwa kidogo kidogo. Sehemu ya mkopo wa kikundi nimeichukua mimi, ingawa alikataa mara mbili na ilibidi nimwombe mama yake amwambie akubali. Baiskeli yake imerudishiwa tyubu, na ile chupa ya pili ya gundi iliyobaki tumeimimina ndani yake. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nasikia kengele yake ikipita barabarani kwangu, na galoni zimejaa.

Wenye maswali kuhusu rimu zao waje nazo mkutano wa wakulima ujao. Leteni gurudumu lenyewe, picha ya simu haionyeshi ile kingo ya ndani.